Breki Nzima Zisizoshika: Jinsi Jeni za Kuzuia Saratani Zinavyozimwa

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao cha kuhamasisha umma kuhusu saratani. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu hapa kaunti ni kuyachukua maneno ya wataalamu na kuyaleta kwenu yakiwa yanaeleweka. Madaktari na wauguzi wako hapa mbele, nao watajibu maswali ya matibabu nikimaliza. Mimi nimeombwa nizungumzie swali moja ambalo wakazi wanaliuliza kila tunapofanya mikutano ya afya: je, saratani ni ugonjwa wa ukoo?

Swali hili lina uzito kuliko linavyosikika. Kuna familia zinazoficha kwamba mama ana saratani, kwa kuogopa kwamba mabinti hawataposwa. Kuna mtu anayeona dalili mapema kabisa, lakini haendi hospitalini kwa sababu baba yake alikufa kwa ugonjwa huo huo, naye amejiambia kwamba zamu yake imefika. Wengine wanasema ni laana, au ni mkono wa jirani. Halafu kuna biashara mpya. Watu wanapita sokoni na kwenye simu zetu wakiuza unga na matone wanayodai kwamba "yanaamsha jeni zilizolala."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nije na mada hii. Uwongo mbaya zaidi ni ule uliojengwa juu ya kipande cha ukweli. Ni kweli kwamba katika saratani nyingi kuna jeni ambazo hazijaharibika, ila zimezimwa. Wanasayansi wamelifanyia kazi jambo hilo kwa zaidi ya miaka 30. Tukilielewa, tutapata jibu bora la swali la ukoo, na pia tutajua la kumwambia yule muuza unga.

Seli na breki zake

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa seli. Karibu kila seli imebeba uzi mwembamba unaoitwa DNA. Uzi wa seli moja tu, ukinyooshwa, una urefu wa takriban mita 2, lakini umekunjwa ukatoshea ndani ya kitu kisichoonekana kwa macho. Juu ya uzi huo kuna jeni zipatazo 20,000. Kila jeni ni agizo, mara nyingi agizo la kutengeneza protini fulani ambayo mwili unaihitaji.

Seli hugawanyika. Ukijikata na panga shambani, seli za ngozi hugawanyika mpaka kidonda kifunge, kisha huacha. Neno muhimu hapo ni "huacha." Gari lina mafuta ya kulisukuma na breki za kulisimamisha, seli nayo ina jeni zinazoisukuma igawanyike na jeni zinazoizuia. Saratani ni seli ambazo zimeendelea kugawanyika baada ya wakati wa kuacha kupita. Mara nyingi tunapotafuta chanzo, tunakuta breki hazikushika.

Jeni hizi za breki zina majina yanayofanana na namba za magari, lakini nitawatajia manne tu. Ya kwanza ni RB. Mwaka 1971, daktari Mmarekani Alfred Knudson, akiwa Houston, alichunguza kumbukumbu za watoto wenye saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma. Kutokana na hesabu zake alieleza kwamba seli ina breki mbili za aina hiyo, moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama, na kwamba uvimbe huanza pale zote mbili zinaposhindwa. Jeni yenyewe, RB, ilipatikana mwaka 1986, na hoja ya Knudson ikathibitika.

Ya pili ni p53. Hii huisimamisha seli ambayo DNA yake imeumia, ili irekebishwe kwanza, na ikishindikana, seli hiyo ife. Ya tatu ni p16, ambayo huizuia seli isianze safari ya kugawanyika ovyo. Ya nne ni MLH1. Hii ni fundi: inasahihisha makosa ya kunakili yanayotokea seli inapogawanyika. Shikeni majina hayo mawili ya mwisho, p16 na MLH1, kwa sababu tutarudi kwayo.

Njia tatu za breki kushindwa

Mnaosafiri kwa matatu mtanielewa upesi. Breki za gari zinaweza kushindwa kwa njia zaidi ya moja.

Njia ya kwanza ni kukatika. Waya au bomba limekatika, na fundi akifungua anaona uharibifu. Kwa seli, hii ni pale maandishi ya jeni yenyewe yanapobadilika. Kemikali za moshi wa sigara hufanya hivyo. Sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa na unyevu, inajulikana kuharibu herufi mahususi ya jeni ya p53 katika ini. Ndiyo sababu maafisa wa kilimo hawachoki kutuambia tuanike mahindi yakauke kabla ya kuyaweka ghalani.

Njia ya pili ni kuibiwa. Breki ilitengenezwa vizuri, lakini kuna mtu aliyeing'oa. Hivyo ndivyo kinavyofanya kirusi cha HPV, kinachosababisha karibu visa vyote vya saratani ya mlango wa kizazi. Kirusi hicho kina protini mbili: moja huifanya p53 iharibiwe, na nyingine huishika protini ya RB isifanye kazi. Jeni za mama huyo ni nzima, lakini kazi yake inaporwa kila siku.

Njia ya tatu ndiyo mada yetu. Dereva anakanyaga breki, haishuki. Gari linagonga. Fundi anafungua magurudumu, anakuta kila kitu kiko sawa: pedi mpya, mafuta ya breki yamejaa, hakuna bomba lililopasuka. Halafu anachungulia miguuni pa dereva na kukuta chupa ya maji imebingirika ikakwama chini ya pedeli. Breki ni nzima, lakini haikanyagiki. Jeni ya kuzuia saratani iliyozimwa iko hivyo. Ukisoma maandishi yake herufi kwa herufi, huoni kosa. Seli haiisomi tu.

Jeni inazimwaje?

Kuzima jeni si jambo baya lenyewe. Seli ya jicho lako na seli ya ini lako zina maagizo yale yale, jeni zile zile 20,000. Jicho halitengenezi nyongo kwa sababu maagizo yanayolihusu ini yamefungwa ndani ya jicho. Kila seli inafungua kurasa zake na kufunga zisizoihusu. Elimu ya jinsi kurasa hizo zinavyofunguliwa na kufungwa bila maandishi kubadilishwa inaitwa epijenetiki.

Wafugaji wa nyuki mlioko hapa mnao mfano mzuri zaidi kuliko wangu. Malkia na nyuki wafanyakazi wanatoka katika mayai yaliyo sawa. Lava anayelishwa maziwa ya nyuki mfululizo anakuwa malkia, na mwenzake anayelishwa chakula kingine anakuwa mfanyakazi asiyetaga. Mwaka 2008 watafiti nchini Australia walikipunguza kimeng'enya kinachozima jeni ndani ya lava, na wengi wa lava hao wakakua na kuwa na umbo la malkia bila lishe ya malkia. Jeni ni zile zile, tofauti ni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa.

Mwili wetu hutumia njia kadhaa kufunga jeni. Iliyochunguzwa zaidi ni kuibandikia DNA alama ndogo ya kemikali inayoitwa methili. Ni kitu kidogo mno, kaboni moja na haidrojeni tatu. Mwanzoni mwa jeni nyingi kuna sehemu inayofanya kazi kama swichi, na katika seli yenye afya swichi ya jeni ya breki huwa safi, haina alama hizo. Katika seli inayoelekea kuwa saratani, swichi hiyo hujaa methili. Baada ya hapo uzi wa DNA mahali pale hukazwa kama nguo iliyokunjwa ikafungwa kwa kamba, na mitambo inayosoma jeni haiwezi kuingia.

Kuna jambo moja zaidi linalofanya hali hii iwe hatari. Seli ikigawanyika, kuna kimeng'enya kinachonakili alama za methili kutoka uzi wa zamani hadi uzi mpya. Kwa hiyo seli binti inazaliwa breki yake ikiwa tayari imezimwa, na wajukuu wake vivyo hivyo. Chupa ile chini ya pedeli inapatikana katika kila gari linalotoka kwenye ukoo huo wa seli.

Ushahidi wa kwanza kwamba jambo hili linahusu jeni za kuzuia saratani ulitoka Ujerumani mwaka 1989, watafiti walipokuta alama za methili kwenye swichi ya RB katika uvimbe wa retinoblastoma. Mwaka 1995, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, wakiwemo Stephen Baylin na James Herman, walionyesha kwamba p16 inazimwa kwa njia hiyo hiyo katika saratani za aina nyingi. Tangu hapo imekutwa imezimwa katika saratani za mapafu, za matiti, za utumbo mpana, na za umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Hiyo ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi zaidi hapa Kenya.

Nani anaiweka chupa pale?

Sababu ya kwanza ni umri. Kadiri miaka inavyosonga, alama hizi huwekwa mahali pasipofaa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta sigara wala kunywa pombe. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Nalisema mapema ili mtu asitoke hapa akamwambia mgonjwa kwamba amejitakia.

Sababu ya pili ni moshi wa tumbaku. Mwaka 2000 watafiti wa jimbo la New Mexico, Marekani, walichapisha uchunguzi wa makohozi yaliyokuwa yamehifadhiwa. Yalikuwa ya watu ambao baadaye walipatikana na saratani ya mapafu ya aina moja. Alama za methili kwenye p16 au kwenye jeni nyingine ya urekebishaji zilikuwa tayari zimo ndani ya makohozi hayo, wengine miaka 3 kabla ya daktari kuugundua ugonjwa. Chupa ilikuwa imeshakwama muda mrefu kabla ya gari kugonga.

Sababu ya tatu ni uvimbemoto wa muda mrefu, yaani kidonda kinachochokozwa mwaka baada ya mwaka. Wengi wenu mmesikia kuhusu bakteria wa H. pylori, maana ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo, na anaongeza hatari ya saratani ya tumbo. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2006 kwamba tumbo lenye bakteria huyo lina alama za methili nyingi kuliko tumbo lisilo naye. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba bakteria akitibiwa akaisha, alama hizo hupungua, ingawa si lazima ziishe zote. Kwa hiyo yule anayemeza tembe za kutuliza kiungulia miaka nenda miaka rudi, bila kupimwa, anajinyima nafasi.

Na je, chai? Najua mtaniuliza. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Utafiti uliofanyika Eldoret na kuchapishwa mwaka 2019 nao ulikuta hatari kubwa zaidi kwa watu waliosema wanakunywa vinywaji vya moto sana. Angalieni: tatizo ni moto, si majani ya chai. Sisemi kwamba kikombe cha chai ya moto ndicho kinachozima p16. Ninachosema ni kwamba umio unaounguzwa kila siku haupati nafasi ya kupona, na anayeuongezea pombe na sigara anauchokoza mara tatu. Iache chai ipoe kidogo. Haigharimu kitu.

Basi, ni ya ukoo au si ya ukoo?

Sasa tunaweza kulijibu swali letu vizuri zaidi. Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya wagonjwa 100 wa saratani, takriban 5 hadi 10 wana jeni mbovu waliyoirithi kutoka kwa mzazi. Wengine wote, breki zao zilishindwa katika maisha yao wenyewe: kwa kukatika, kwa kuporwa, au kwa kuzimwa, na mara nyingi kwa mchanganyiko wa hayo.

Mfano ulio wazi kabisa ni saratani ya utumbo mpana. Nikumbusheni lile jina la nne: MLH1, fundi wa makosa. Kuna wagonjwa ambao uvimbe wao hauna fundi huyo kazini. Madaktari wakiliona hilo, wanauliza swali moja zaidi: je, fundi amekosekana kwa sababu jeni yake imeharibika, au imezimwa?

Ikiwa imeharibika tangu kuzaliwa, hiyo ni hali ya kurithi iitwayo Lynch. Hapo ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wanapaswa kushauriwa na kuchunguzwa mapema, kwa sababu kila mmoja wao ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa na jeni hiyo. Lakini ikiwa imezimwa kwa methili ndani ya uvimbe, mara nyingi mno haikurithiwa. Ilizimwa ndani ya utumbo wa mtu huyo mmoja, katika uzee wake. Na katika saratani za utumbo mpana ambazo fundi huyu amekosekana, walio wengi ni wa aina hii ya pili. Wagonjwa wawili, saratani inayofanana kwa macho, lakini ujumbe kwa familia zao ni tofauti kabisa.

Fikirieni maana yake. Kuna familia inayojiita "ukoo wa saratani" na kumbe haina cha kurithishana. Na kuna familia nyingine ambayo kweli ina cha kuangalia, lakini kwa sababu mgonjwa alifichwa, wadogo zake hawakuambiwa waende kupimwa mapema. Kuficha kunawaumiza wote wawili: wa kwanza kwa hofu isiyo na msingi, wa pili kwa kukosa onyo. Anayeweza kuwatofautisha ni daktari mwenye kipande cha uvimbe na historia ya familia iliyosemwa kwa ukweli. Ramli haiwezi, na umbea wa kisimani hauwezi.

Kwa hiyo mtu wenu akigunduliwa, msiogope kuuliza: Daktari, kuna dalili yoyote kwamba hii ni ya kurithi? Uvimbe umepimwa aina yake? Sisi ndugu zake tunapaswa kuchunguzwa, na tukiwa na umri gani? Si vipimo vyote hivi vinavyopatikana katika kila hospitali, lakini swali lenyewe linamfanya daktari aandike historia ya familia, na hiyo pekee inasaidia.

Dawa ya kuiondoa chupa, na unga wa sokoni

Mtu mwenye akili atauliza: kama breki ni nzima, si tuitoe hiyo chupa tu? Wanasayansi waliuliza hivyo pia.

Kuna dawa iitwayo azacitidine. Ilitengenezwa Prague, Chekoslovakia ya wakati huo, katika miaka ya 1960, kwa nia ya kuua seli za saratani. Mwaka 1980, Peter Jones, mtafiti aliyezaliwa Cape Town, na mwenzake Shirley Taylor walionyesha, wakiwa Los Angeles, kwamba dawa hiyo inaizuia DNA isibandikwe methili. Seli za panya walizozikuza maabarani na kuzitilia kiasi kidogo cha dawa zilibadilika, nyingine zikawa seli za misuli. Jeni zilizokuwa zimefungwa zilikuwa zimefunguka. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha azacitidine kwa wagonjwa wenye maradhi ya uboho yanayoelekea kuwa saratani ya damu, na mwaka 2006 ikaidhinisha ndugu yake, decitabine.

Kwa hiyo ni kweli, jeni iliyozimwa inaweza kuwashwa. Lakini sikilizeni yaliyobaki, ambayo muuza unga hawaambii.

Dawa hizi hutolewa hospitalini chini ya uangalizi wa mtaalamu wa saratani. Hushusha chembe za damu kiasi kwamba mgonjwa anaweza kupata maambukizi au kutokwa na damu, na kwa hiyo damu yake hupimwa mara kwa mara. Hazichagui jeni moja: zinaondoa alama huku na huku, hata mahali zilipokuwa na kazi nzuri. Zikisimamishwa, alama hurudi. Na ingawa zimewasaidia wagonjwa wa maradhi ya damu, kwa saratani za uvimbe kama za matiti au umio bado hazijafaulu kiasi hicho. Hiyo ndiyo hali ya dawa zilizochunguzwa na maelfu ya watafiti kwa zaidi ya miaka 40.

Sasa linganisheni na chupa isiyo na jina la mtengenezaji, inayouzwa kwenye kibanda, inayodai kuamsha jeni zote na kuponya saratani zote bila madhara. Hakuna chai, unga wala tone lililothibitishwa kuiwasha jeni iliyozimwa ndani ya mgonjwa wa saratani na kumponya. Nawaomba wakazi: kabla hujatoa pesa, uliza kama bidhaa hiyo imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na mwonyeshe mfamasia au muuguzi wa zahanati iliyo karibu nawe. Na kama tayari unatumia kitu, mwambie daktari wako bila aibu, kwa sababu mitishamba mingine inagongana na dawa za hospitali. Pesa ya unga inaumiza, lakini miezi inayopotea inaumiza zaidi. Uvimbe ambao ungeondolewa kwa upasuaji mwezi wa Januari, kufikia Agosti unaweza kuwa umesambaa.

Faida ya elimu hii inayoonekana zaidi kwa sasa ni katika kupima. Kwa kuwa alama za methili hutokea mapema, zinaweza kutafutwa. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha kipimo cha choo cha kutafuta saratani ya utumbo mpana ambacho, pamoja na mambo mengine, kinaangalia alama hizo. Hapa kwetu tuna vipimo vya kawaida zaidi, na vinaokoa maisha tukivitumia.

Tufanye nini tukitoka hapa?

Mama mwenye umri wa miaka 25 hadi 49, nenda kliniki ukachunguzwe mlango wa kizazi, hata kama huna maumivu. Nyote mliokoma hedhi, msiseme mambo ya uzazi yamekwisha: ukitokwa na damu tena, nenda siku hiyo hiyo.

Mzazi mwenye binti wa miaka 10, mpeleke apate chanjo ya HPV. Imekuwa ikitolewa nchini tangu Oktoba 2019. Inazuia ule wizi wa breki niliousema, kabla haujaanza.

Ukiona chakula kinakwama kifuani, na sasa unasukumia ugali kwa maji, usingoje mpaka ushindwe hata na uji. Ukiona damu kwenye choo, usijitibu bawasiri miezi sita. Uvimbe kwenye titi, kidonda mdomoni kisichopona, sauti iliyokauka kwa wiki kadhaa, kupungua uzito bila sababu: hayo yote ni ya kuonyeshwa mhudumu wa afya. Mara nyingi itakuwa si saratani, nawe utarudi nyumbani na amani. Mtoto mchanga ambaye mboni ya jicho inang'aa nyeupe, hasa kwenye picha ya simu, apelekwe kwa daktari wa macho haraka. Hiyo inaweza kuwa retinoblastoma ya Knudson, na ikiwahiwa, mtoto hupona. Kijitabu cha mama na mtoto kina sehemu ya kukagua macho. Mwombe muuguzi aijaze.

Anayevuta sigara na aache, na kama ni vigumu peke yake, aje tumsaidie. Anayesumbuliwa na tumbo apimwe H. pylori. Mahindi yakauke. Chai ipoe. Na nyote hakikisheni mmejisajili na SHA mkiwa wazima, maana siku ya ugonjwa si siku ya kukimbizana na karatasi.

Kwa wahudumu wetu wa afya ya jamii, nina ombi moja. Mkiingia nyumba yenye mgonjwa wa saratani, kabla ya jambo lingine lolote, waondoleeni ile hofu ya laana. Waambieni kwamba ndani ya mwili wa mama huyo kulikuwa na breki, na kwamba mara nyingi breki zenyewe ni nzima hadi leo, ila kitu kilizikwamisha. Waambieni waseme ukweli wa historia ya familia yao kwa daktari. Kisha wapeni tarehe ya kliniki, na siku hiyo ikifika, piteni mlangoni kuona kama wameenda.

Nimemaliza upande wangu. Daktari sasa atapokea maswali, na nawaomba vijana walioko nyuma wasogee mbele ili tusikilizane.